Galatea, Jina Lililozaa Hadithi Zake

Anayetafuta maana ya jina Galatea katika vitabu vya majina ya watoto hukuta mambo mawili. La kwanza ni kwamba hili ni jina la Kigiriki lenye maana ya “mweupe kama maziwa”. La pili ni kwamba Galatea alikuwa sanamu ya mwanamke iliyochongwa na Pygmalion wa Kupro, aliyeipenda kazi ya mikono yake mpaka mungu wa mapenzi akaitia uhai. Maelezo haya yamerudiwa sana, na sasa hakuna anayehoji yalikotoka. Hata hivyo, hilo la pili halimo katika andiko lolote la kale lililotufikia: Wagiriki na Warumi walimsimulia mwanamke yule wa sanamu bila kumpa jina. Hilo la kwanza lina ukweli, ila ni ukweli wa upande mmoja. Uadimu wa jina hili unatufaa hapa, kwa sababu safari yake inaonekana wazi kuliko safari za majina yaliyochakaa kwa matumizi. Tumezoea kudhani kwamba hadithi hutangulia na jina hubebwa ndani yake, kama abiria. Kwa Galatea mambo yalikwenda kinyume. Jina lilikuwepo kwanza, bila kisa chochote, na kwa zaidi ya miaka elfu mbili watu walilisikiliza, wakasikia maziwa ndani yake, wakatunga visa vya kuyaeleza maziwa hayo.

Mahali pa kwanza tunapokutana naye ni kwenye orodha. Katika kitabu cha 18 cha Iliad, Thetis anapomlilia mwanawe Achilles, dada zake wa baharini wanamzunguka, na Homer anawataja mmoja baada ya mwingine. Galatea yumo, kapewa neno moja la sifa, basi. Hesiod naye, katika Theogony, anawataja mabinti hamsini wa Nereus, mzee wa bahari, na mkewe Doris. Galatea yumo tena, anasifiwa uzuri, basi. Hana mchumba, hana safari, hana msiba. Majina mengi ya orodha hizo ni maneno ya pwani yaliyovikwa umbo la kike: ndani ya moja mna kisiwa, ndani ya jingine mna pango, kwingine wimbi, kwingine mchanga. Wengi wa wenye majina hayo hawakupata kutoka orodhani. Thetis alitoka kwa sababu ya mwanawe, Amphitrite kwa sababu aliolewa na Poseidon. Galatea hakuwa na mume wala mtoto wa kumtoa. Alikuwa na jina ambalo Mgiriki yeyote angelitambua mara moja, nalo lilisikika kama jina la zizini lililopotelea baharini.

Neno la Kigiriki la maziwa ni gala. Hapo wataalamu wa lugha wana haki ya kutusimamisha. Katika orodha ileile ya Hesiod yumo dada mwingine, Galene, ambaye jina lake ni bahari iliyotulia, na wapo wanaoona kwamba Galatea ni tawi la shina hilo: mng’ao wa maji yasiyo na upepo, wala si maziwa ya mbuzi. Hoja hii ina uzito, na huenda ndiyo sahihi kuhusu asili ya mbali ya jina. Binti wa bahari kuitwa kwa hali ya bahari ni jambo linalotarajiwa zaidi. Lakini asili ya neno na maana ya neno ni vitu viwili. Asili hutafutwa na wachache kwa kulinganisha mashina. Maana hukaa masikioni mwa wengi. Tukiuliza Wagiriki wa enzi za maandiko walisikia nini walipotamka jina hili, jibu lao limeandikwa katika tungo zao, nalo ni maziwa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka Sisilia. Mwanzoni mwa karne ya 4 KK, mshairi Philoxenus wa Kythera alitunga wimbo wa kwaya ambamo Polyphemus, jitu lenye jicho moja ambalo katika Odyssey lilikuwa likila wageni, linaonekana likiugua mapenzi kwa Galatea. Mwaka 388 KK Aristophanes tayari alikuwa anaukejeli wimbo huo jukwaani Athens, kwa hiyo ulikuwa umeshasambaa. Wazo hili lilitoka wapi? Mwanahistoria Duris wa Samos alikuwa na maelezo yake, yaliyohifadhiwa na wafafanuzi wa mashairi ya Theocritus. Polyphemus, alisema, alijenga mahali patakatifu pa Galatea karibu na mlima Etna kwa ajili ya wingi wa malisho na maziwa. Philoxenus alipofika huko hakuelewa sababu ya ujenzi huo, na kwa kuwa hakuelewa akabuni kwamba jitu lilikuwa linampenda binti huyo. Yaani palikuwa na jina, palikuwa na mahali, palikuwa na wafugaji walioomba mifugo yao ijae maziwa. Kisa cha mapenzi kikaja baadaye kuziba pengo.

Atakayepinga atasema kuna simulizi nyingine, na kweli ipo. Mwandishi Athenaeus anasimulia kwamba Galatea alikuwa mwanamke wa damu na nyama, mpiga zumari na kimada wa Dionysius, mtawala wa kimabavu wa Siracusa. Kwamba Philoxenus alifumaniwa akimtongoza, akatupwa kwenye machimbo ya mawe, na humo akatunga wimbo wa kulipiza kisasi ambamo mtawala ni jitu na yeye mshairi ni Odysseus. Kisa hiki ni kitamu, na utamu wake ndio unaotia shaka. Visa vya washairi waliofungwa kwa ajili ya wanawake vilipendwa mno na waandishi wa kale. Duris naye, tuseme haki, hakusifika kwa uangalifu. Lakini hata tukimkubali mpiga zumari yule, hoja yetu haianguki. Dhihaka ya Philoxenus ilihitaji mwanamke ambaye jina lake lingeweza kukaa baharini na zizini kwa wakati mmoja, ili mtawala avikwe kinyago cha mchungaji. Angekuwa na jina jingine, kinyago kile kisingemkaa vizuri namna ile. Jina liliamua ni tusi gani linawezekana.

Baada ya hapo washairi hawakuyaachia maziwa. Theocritus, mwenyeji wa Siracusa wa karne ya 3 KK, anampa Polyphemus wimbo wa kumbembeleza Galatea, na sifa ya kwanza inayomjia mchungaji huyo ni kwamba mpenzi wake ni mweupe kupita maziwa yaliyoganda. Kisha anajinadi: ana mifugo elfu, anakunywa maziwa bora, na jibini halikatiki kwake kiangazi wala kipupwe. Mtu anamwahidi binti wa bahari kile ambacho jina lake tayari linacho. Karne nne baadaye mwandishi Lucian akaufichua mchezo wenyewe. Katika mazungumzo yake ya miungu wa bahari, Doris anamtania Galatea aache kuringa. Jitu lile limempenda kwa weupe wake tu, na weupe limeuzoea kwa kushinda na jibini na maziwa. Sidhani kuna mhakiki wa kisasa aliyelieleza jambo hili kwa ufupi kuliko Doris. Wakati huo mshairi wa Kirumi Ovid alikuwa ameshaongeza kijana Acis, anayependwa na Galatea, anayepondwa na jitu kwa jabali, na damu yake kugeuka mto. Majina ya miji kadhaa ya mashariki ya Sisilia, Acireale na Aci Castello kati ya hiyo, bado yanaanza na Aci mpaka leo.

Jina hilohilo lilizaa hata mataifa. Wagiriki waliwaita Wakelti Galatai, na kundi lao lililovuka kuingia Asia Ndogo mwaka 278 KK ndilo lililoipa jina Galatia, nchi ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kwa waraka wa Paulo kwa Wagalatia. Hakuna udugu wa kweli kati ya neno Galatai na maziwa. Lakini Timaeus, mwanahistoria mwenyeji wa Sisilia, alisema Galatia imepata jina kwa Galates, mtoto wa jitu na Galatea, na katika karne ya 2 BK Appian alirekodi nasaba ambamo wawili hao wanazaa wana watatu: Celtus, Illyrius na Galas, mababu wa mataifa matatu. Hebu tuangalie kilichotokea hapa. Theocritus anamwacha Polyphemus akiimba peke yake ufukweni; kwa Ovid anachukiwa. Bado nasaba inawapa watoto watatu, kwa sababu jina la taifa lilifanana na jina la binti na mtu alihitaji mama wa taifa. Isidore wa Seville, askofu aliyefariki mwaka 636, hakuhitaji hata mama: aliandika kwamba Gallia imeitwa hivyo kwa weupe wa miili ya watu wake, maana kwa Kigiriki gala ni maziwa. Mwenye kusoma Wagalatia hana sababu ya kuwaza maziwa. Inatosha kujua kwamba watu wenye elimu kubwa ya zama zao waliwaza hivyo bila aibu.

Kipo kisa kimoja kinachonipinga, nacho ni kizuri kuliko vyote. Antoninus Liberalis, akimfuata mshairi Nicander, anasimulia habari za Galatea mwingine, mwanamke wa kawaida wa Phaistos kisiwani Krete. Mumewe, Lampros, ni wa ukoo mzuri lakini maskini, na wakati wa mimba anatangaza kwamba anataka mtoto wa kiume. Akizaliwa wa kike, atupwe. Anazaliwa wa kike wakati mume yuko machungani. Galatea anadanganya, anamlea binti kama mvulana kwa jina Leucippus, na mtoto anapokua na umbo kuanza kutoa siri, anakimbilia hekaluni kwa Leto na kumwomba ambadilishe mtoto awe mwanamume kweli. Leto anakubali. Hapa Galatea si wa kutazamwa, si wa kuimbiwa. Ndiye mwenye kutenda, na anatenda kwa ujasiri. Je, jina lake ndilo lililozaa kisa hiki? Mtu anaweza kulazimisha: maziwa, mama, kunyonyesha. Mimi silazimishi. Ovid anasimulia kisa kinachokaribia kufanana kabisa, cha Phaistos hiyohiyo, na kwake mama anaitwa Telethusa, mtoto Iphis, mungu Isis, na hakuna kinachopungua. Pale ambapo jina linaweza kubadilishwa bila hasara, jina halikufanya kazi. Kisa cha Krete kinasimama kwa miguu yake chenyewe. Lakini jambo moja linasikitisha: kati ya akina Galatea wote, huyu aliyemwokoa mwanawe ndiye ambaye vitabu vya majina mara nyingi huwa havimtaji.

Tufike sasa kwa sanamu. Simulizi ya Ovid iko katika kitabu cha 10 cha Metamorphoses, kazi iliyokuwa inakamilika karibu na mwaka 8 BK. Pygmalion amechukizwa na wanawake anaowaona, anachonga mmoja wa kwake, anampenda, anamwomba Venus, na sanamu inapata joto mikononi mwake. Wanaoana, wanazaa mtoto, na mtoto anapewa jina, Paphos. Mama hapewi. Simulizi ya kale zaidi, ya Philostephanus, iliyorudiwa na waandishi wa Kikristo waliotaka kuonyesha upuuzi wa ibada za sanamu, inasema sanamu yenyewe ilikuwa ya Aphrodite (Venus wa Warumi), kwa hiyo jina lingekuwa nyongeza isiyo na kazi. Na sanamu ya Ovid haikuwa ya marumaru, kama wachoraji walivyotuzoesha. Ilikuwa ya pembe za ndovu. Bidhaa hiyo Warumi waliipata kutoka nchi kadhaa, na kati ya hizo ni pwani yetu: mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, Periplus ya Bahari ya Eritrea, unasema bandari ya Rhapta iliuza pembe nyingi, ingawa za daraja la chini kuliko za Adulis. Nalitaja hili kwa sababu marumaru yana sehemu yake katika habari ya jina. Pembe ina manjano yake, ina joto lake. Jiwe jeupe ndilo linaloita maziwa.

Jina liliifikia sanamu hiyo katika karne ya 18, na aliyelisambaza kuliko wengine ni Jean-Jacques Rousseau, katika tamthilia yake fupi Pygmalion, aliyoiandika mwaka 1762 na ikachezwa Lyon mwaka 1770. Sababu ya kulihitaji ni rahisi kuiona. Kwa Ovid, sanamu iliyohuishwa inaona haya, inainua macho, lakini haisemi neno. Kwa Rousseau inasema, na neno lake la kwanza ni la kujitambua yenyewe kama nafsi. Anayesema jukwaani lazima aitwe kitu. Hapa ndipo pingamizi kubwa linapokuja: Galatea lilikuwa limeshakuwa jina la kila mtu. Virgil alilitumia kwa wasichana wa vijijini, Cervantes alilipa riwaya yake ya kwanza mwaka 1585, Händel alitunga muziki wa Acis na Galatea mwaka 1718. Mwandishi aliyetaka jina la kike lenye harufu ya kale angelikuta mezani, na kuokota kilicho mezani hakuthibitishi chochote kuhusu maziwa. Nakubali sehemu ya kwanza. Lakini juu ya meza hiyohiyo palikuwa na Phyllis, Chloe, Amaryllis na mengine, na hayakuokotwa. Zaidi ya hayo, jina jingine lilijaribiwa: katika miaka ya 1740 mwandishi wa Zürich, Johann Jakob Bodmer, aliandika hadithi ya Pygmalion na kumwita mwanamke Elise. Jina zuri, jepesi, na halikushika. Galatea lilishika kiasi kwamba leo wengi wanadhani ni Ovid aliyelitoa. Tofauti kati ya majina haya mawili ni kwamba Elise halikuwa na la kusema kuhusu jiwe jeupe, na Galatea lilikuwa nalo.

Hapo ndipo jina lilipoanza kumuumiza mwenye nalo. Galatea wa Theocritus analichokoza jitu kwa kulirushia kundi lake matufaha. Wa Ovid ana mpenzi aliyemchagua mwenyewe. Wa Lucian anajibu utani kwa utani. Sanamu ya Pygmalion haina hata kimoja cha haya, kwa kuwa kila kitu chake kimeamuliwa na mchongaji. Ilipopewa jina la yule binti, watu walisahau binti na kubaki na sanamu. Mchoraji Gérôme alipochora mchongaji akikumbatia kiuno kinachogeuka kutoka jiwe kuwa nyama, karibu na mwaka 1890, mtazamaji hakuhitaji kuelezwa Galatea ni nani. Weupe uliokuwa mzaha wa mchungaji ukawa kipimo cha uzuri, na utiifu ukaingia ndani ya jina ambalo awali halikuwa nao.

Kwa hiyo “mweupe kama maziwa” ni ukweli wa upande mmoja kwa sababu umechukua rangi na kuacha chakula. Tukimrudia Duris, na kumkubali kwa tahadhari anayostahili, Galatea wa Etna hakuheshimiwa kwa sababu ya ngozi. Aliheshimiwa kwa sababu malisho yalikuwa manene na viwele vilijaa. Anayewafahamu wafugaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa: maziwa ni mali, ni ukarimu kwa mgeni, ni baraka inayonyunyizwa, kabla hayajafikiriwa kama rangi. Tafsiri ya rangi ilitokana na washairi wa mijini waliokuwa wanamcheka mchungaji kwa kukosa mfano mwingine. Mzazi akimwita binti yake Galatea kwa kukusudia neema na shibe, hajavunja maana ya kale. Pengine ameikaribia kuliko kitabu cha majina.

Atauliza mtu: ikiwa jina lina nguvu ya kuzaa visa, je, mwenye kuitwa hivyo amefungwa navyo? Visa vyote nilivyotaja viliandikwa na watu wengine kumhusu Galatea. Ugiriki ya kisasa inatupa mfano wa upande wa pili. Galateia Alexiou, mzaliwa wa Heraklion mwaka 1881, alikuwa mwandishi mwenye kazi zake kabla ya kuolewa mwaka 1911 na Nikos Kazantzakis, mwandishi ambaye jina lake lingekuja kuwafunika wengi waliokuwa karibu naye. Waliachana rasmi mwaka 1926. Mwaka 1957 alichapisha riwaya ambamo wasomaji wa Athens walimtambua mume wake wa zamani chini ya jina la kubuni, amechongwa na mtu aliyemjua nyumbani, kiburi na udhaifu vikiwa mahali pake. Riwaya ilitoka kwa jina la Galateia Kazantzaki, kwani ubini wa mume alikuwa ameendelea kuutumia.